Anayekula na anayeliwa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Goma

Nafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Goma, na nyuma ya nyumba yangu kule Himbi nafuga kuku wa kienyeji. Kwa sababu hizo mbili nimekuwa mtu wa kuulizwa. Wanafunzi wananiuliza darasani, majirani wananiuliza kupitia ukuta wa mawe meusi ya volkano, na maswali ni yale yale: mwewe, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), simba wa hifadhi ya Virunga, mitego. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake ili nisiwe najibu nusu nusu njiani.

Kabla ya kuanza, neno moja. Tukisikia habari ya mnyama mwindaji na windo lake, akili inakimbilia damu na meno. Lakini kuua ni jambo la dakika chache. Saa zote zinazobaki, mmoja anaishi akimpigia mwenzake hesabu: ale wapi, anywe saa ngapi, apite njia gani, anyamaze lini. Mwindaji anamfunza hata yule asiyemkamata, na windo linamfunza mwindaji kila linapomponyoka.

Kuku walikuwa wanachakura vizuri, ghafla wote wakaganda kimya. Kuna nini?

Angalia juu. Karibu kila mara ni mwewe.

Nikueleze nilivyoona kwangu msimu wa mvua uliopita. Kuku mama alikuwa na vifaranga tisa kwenye tuta la matembele. Akasimama, mguu mmoja bado umekunjwa hewani, akalaza kichwa ubavu hadi jicho moja likaelekea mawinguni. Macho ya kuku yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo akitaka kutazama juu hutumia moja tu. Jogoo aliyekuwa karibu na pipa la maji akatoa sauti moja nyembamba, ndefu, kama mluzi wa mtu anayeishiwa pumzi. Vifaranga wakazama kwenye majani, na mmoja akajibanza chini ya gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyoegeshwa ukutani. Kivuli kikapita juu ya mabati, kikageuka, kikapita tena. Hakuna aliyetikisa bawa mpaka kuku mama alipoanza tena kuwaita kwa sauti ya chini.

Siku nyingine aliingia mbwa wa mtaani. Jogoo yule yule akapiga kelele tofauti kabisa: vipande vifupi vifupi vya mfululizo, shingo imenyooka, kichwa juu, na kuku wakaruka ukutani badala ya kulala chini. Ukimlalia mbwa chini atakunusa na kukuokota. Ukimrukia mwewe hewani umejipeleka mwenyewe. Basi kuku wana onyo la angani na onyo la ardhini, na kila moja linakuja na kitendo chake.

Watafiti walilihakikisha jambo hili kwa kuwawekea majogoo skrini ya televisheni. Picha ya ndege mwindaji ikipita juu ya kichwa, jogoo alitoa onyo la angani. Picha ya mnyama wa miguu minne ikitokea ubavuni, alitoa lile la ardhini. Picha tu, bila mnyama yeyote mle ndani.

Jogoo hajihatarishi akipiga kelele mwewe akiwa juu?

Anajihatarisha, na ndiyo maana anapima. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1986, majogoo walipitishiwa umbo la mwewe juu ya vichwa vyao. Aliyekuwa peke yake mara nyingi alikaa kimya. Aliyekuwa na wenzake karibu alitoa onyo. Imeonekana pia kwamba jogoo aliye chini ya kichaka hutoa onyo refu kuliko aliyesimama mahali peupe. Hapigi tu kelele kwa sababu ameshtuka, anaangalia nani anamsikia na yeye mwenyewe amesimama wapi.

Ile sauti nyembamba ina faida nyingine. Inaanza polepole na kuisha polepole, na sikio linapata shida kujua imetoka upande gani. Kelele ya kuonya juu ya mbwa ni kinyume chake: inakatika-katika, na chanzo chake kinajulikana mara moja. Mbwa akijua jogoo yuko ukutani, hakuna hasara. Mwewe akijua, ipo.

Na mwewe naye anajifunza?

Sana, na watu wengi hawamhesabii hilo. Mwewe wa mjini hapa anajua sokoni wanachinja saa ngapi, anajua mtoto anayetembea na andazi mkononi bila kuangalia juu.

Kwangu, zamani alikuwa anashuka kutoka juu kabisa, na jogoo alikuwa anamwona mapema. Siku hizi anakuja chini chini, sambamba na ukuta, akitokea kwenye kona ya choo ambako haonekani mpaka amefika. Alininyakulia vifaranga wanne kwa njia hiyo kabla sijaelewa. Kuku walielewa kabla yangu: waliacha kuchakura kwenye kona ile. Hata niwamwagie mahindi pale, wanakula ya pembeni tu, yale ya kwenye kona yanaliwa na shomoro. Mwewe alibadili njia, kuku wakabadili uwanja, na sasa naona mwewe anaanza kujaribu upande wa pili, kwenye mgomba.

Kupaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi kunasaidia?

Kwa muda. Ndege anayewinda kwa macho hubeba kichwani sura ya kile anachokitafuta, na kifaranga mwenye rangi asiyoijua humtia shaka. Lakini mwewe mmoja akithubutu mara moja na kushiba, rangi ile ile inageuka kuwa alama ya kumwonyesha chakula kilipo. Mimi nimeacha kupaka. Nimeyaacha matuta ya matembele yawe mazito na nimelaza matawi juu ya mawe ili vifaranga wasiwe mbali na pa kuzama. Jirani yangu mama anayeuza makala (mkaa) ameegemeza matenga yake matupu ukutani kwa kazi hiyo hiyo, na hapotezi vifaranga wengi.

Woga huu ni wa kuzaliwa nao au wa kufunzwa?

Vyote viwili, na ile sehemu ya kufunzwa ndiyo tamu.

Mfano mzuri kuliko yote uko Amboseli, nchini Kenya. Mwaka 1980 Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha kwamba tumbili wana onyo tofauti kwa chui, kwa tai na kwa chatu. Waliwapigia tumbili sauti hizo kwa spika iliyofichwa, bila adui yeyote kuwapo. Kwa onyo la chui, walipanda miti. Kwa onyo la tai, walitazama juu au kukimbilia vichakani. Kwa onyo la nyoka, walisimama kwa miguu miwili na kuchungulia kwenye nyasi.

Sasa tazama watoto wao. Mtoto wa tumbili huzaliwa na wazo la jumla tu kwamba kitu kinachotoka juu ni kibaya. Anaweza kutoa onyo la tai akiona njiwa, au hata jani linaloanguka. Wakubwa wanatazama juu, wanaona ni jani, wanaendelea kula. Siku akitoa onyo na kweli ni tai, wakubwa nao wanalirudia. Kidogo kidogo anakata majani kwenye orodha yake, kisha njiwa, kisha ndege wakubwa wasiodhuru, mpaka anabaki na tai wanaokula tumbili. Mtoto wa binadamu anayeita kila mnyama «mbwa» anapita njia hiyo hiyo.

Kwa nini kima wanampigia chui kelele badala ya kumkimbia kimya kimya?

Kwa sababu maneno yale wanamwambia chui mwenyewe. Chui huwinda kwa kuvizia, na akishaonekana shughuli yake imeharibika. Katika msitu wa Taï, nchini Côte d'Ivoire, watafiti walimfuata chui aliyevishwa kola ya redio. Kima walipomgundua na kuanza kelele, aliacha kuvizia na kwenda zake.

Lakini kima hao hao wakisikia sokwe-mtu wananyamaza na kupotea juu majanini. Sokwe hafukuzwi na kelele. Yeye anapanda, anawinda na wenzake, na kelele itamwonyesha mti wa kuanzia. Mimi napenda sana mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba mnyama anayeliwa hana woga wa aina moja. Anamjua kila adui na udhaifu wake. Sokwe wa Tongo, upande wetu wa Virunga, wanaishi karibu na kima na mbega. Aliyebahatika kuwafuata na kiongozi asubuhi asikilize pale msitu unaponyamaza ghafla.

Sambaza wanawindwa na nani, na kwa nini wanapanda juu usiku?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, maana sambaza ni mboga yetu. Nitalijibu kwa urefu.

Sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kule kwao, ambako watu wa Uvira na Kalemie wanamwita ndagala pamoja na ndugu yake, anaishi akikimbizwa na samaki wakubwa kama mgebuka. Hapa Kivu, kwenye maji ya katikati, hakumkuta samaki mkubwa wa kumkimbiza namna hiyo, na yeye ndiye akawa mwindaji.

Windo lake ni planktoni, vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Mchana vijidudu hivyo vinashuka chini gizani kwa sababu juu kuna mwanga na samaki anayewinda kwa macho ataviona. Usiku vinapanda kula. Sambaza anafuata chakula chake, chini mchana, juu usiku. Katika Ziwa Kivu safari hiyo ina sakafu. Ziwa lina kina cha mita 485, lakini ukipita kama mita 60 hivi oksijeni inaisha, na chini zaidi kuna maji yaliyojaa gesi ya kaboni na methani. Hakuna samaki anayeishi huko. Kwa hiyo mwindaji na windo wanacheza mchezo wao kwenye tabaka jembamba la juu, kama watu wawili wanaokimbizana kwenye baraza la nyumba ambayo vyumba vyake vimefungwa.

Kulikuwa na kijidudu kimoja, dafnia, kikubwa kidogo kuliko wenzake. Kabla ya sambaza, Kivu haikuwa na samaki wa kuwinda planktoni katikati ya ziwa, na dafnia aliishi kwa raha. Sambaza alipokuja, mdudu mkubwa anayeonekana kwa urahisi ndiye aliyeliwa kwanza. Akatoweka ziwani. Wenzake waliobaki ni wadogo zaidi. Mwindaji mgeni hampi mwenyeji muda wa kujifunza.

Mvuvi naye ameisoma tabia hii yote bila kitabu. Ukisimama ufukweni Kituku jioni ya giza utaona mitumbwi ikitoka mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kama sharubu, wavuvi wakiimba ili makasia yaende pamoja. Mbali na nchi kavu wanawasha taa. Vijidudu vinakusanyika kwenye mwanga, sambaza wanawajia vijidudu, na wavu unasubiri chini ya wote. Mzee mmoja aliyenipandisha kwenye mtumbwi wake aliniambia nisiseme wala nisigonge mbao mpaka wavu umeinuka. Nilichungulia majini: kwanza vumbi la vijidudu likizunguka kwenye mwanga wa kijani, halafu, kama baada ya robo saa, vimulimuli vya fedha pembezoni, vikikata kona, vikiingia na kutoka, vikisogea kila mara karibu kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Na mbalamwezi, kwa nini wavuvi wanapumzika?

Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, na taa ya mvuvi haina tena cha kumvutia samaki. Hilo kila mtoto wa mvuvi analijua.

Lakini kuna jambo zuri zaidi, lililoelezwa mwaka 1986 na mtafiti Maciej Gliwicz kutoka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Samaki wa huko ni sambaza huyu huyu: alipandikizwa Ziwa Kariba katika miaka ya 1960, akashuka na mto Zambezi. Siku chache baada ya mwezi mpevu, jua linazama na mwezi bado haujatoka. Kuna saa moja au mbili za giza zito. Vijidudu vinapanda juu vikidhani usiku ni wao. Halafu mwezi unachomoza, na vyote viko juu, peupe, mbele ya maelfu ya macho. Kila mwezi idadi ya vijidudu ilikuwa inaporomoka siku hizo. Windo lilikuwa limejifunza kuamini giza, na giza lenyewe likawa mtego.

Nani ana kasi zaidi, simba au punda milia?

Simba, na duma anamshinda swala pala vile vile. Mwaka 2018 ulitoka utafiti kutoka Botswana ambapo wanyama hao wanne walivalishwa kola za kupima mwendo. Misuli ya wawindaji ilikuwa na nguvu zaidi kwa takriban asilimia 20, walichanganya mbio haraka zaidi kwa asilimia 37, na walifunga breki kwa nguvu zaidi kwa asilimia 72.

Sasa windo linaponaje? Kwa kutokukimbia kasi yake yote. Swala anayekimbia kwa nguvu zake za mwisho hawezi kukata kona, na njia yake inatabirika. Anayebakiza nguvu anaweza kugeuka ghafla wakati mwindaji amekwisha kujitupa. Ukicheza mpira kwenye uwanja wa changarawe za volkano unaelewa mara moja: beki mwenye mbio anapitwa na kijana anayejua kusimama.

Kwa nini swala tomi anarukaruka juu mbele ya mbwa mwitu badala ya kukimbia?

Anaonyesha afya yake. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988, mbwa mwitu waliwachagua zaidi swala waliorukaruka kidogo na kuwaacha wale walioruka sana. Mbwa anayekimbia kilomita nyingi nyuma ya windo anapata faida akijua mapema nani hachoki, na swala anapata faida akimjulisha.

Woga peke yake unaweza kupunguza idadi ya wanyama, bila hata mmoja kuliwa?

Ndiyo, na jambo hili lilinishangaza niliposoma mara ya kwanza. Huko Kanada watafiti walizungushia viota vya ndege wadogo nyavu na nyaya za umeme ili adui yeyote asifike. Halafu wakawapigia baadhi ya ndege hao sauti za maadui kwa spika, msimu mzima. Wengine walipigiwa sauti zisizo na hatari. Matokeo yalitoka 2011: ndege waliosikia sauti za maadui walilea watoto pungufu kwa asilimia 40. Hakuna aliyeguswa. Walitaga mayai machache, walikaa kidogo kwenye kiota, walileta chakula mara chache.

Nilipoeleza hili darasani, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tano aliuliza kama ni sawa na familia inayolala na viatu miguuni kwa sababu ya milio ya risasi kilimani. Nilimjibu kwamba mwili unaolinda usiku kucha haupati nafasi ya kufanya mengine, na hilo ni kweli kwa ndege na kwa mtu. Kisha tulinyamaza kidogo wote.

Wawindaji wakiondoka, wanaoliwa si wanastarehe?

Wanabadilika. Tazama Gorongosa, Msumbiji. Vita vya 1977 hadi 1992 vilimaliza zaidi ya asilimia 90 ya wanyama wakubwa wa hifadhi ile, na chui walitoweka. Pongo, swala ambaye kwa kawaida haachani na kichaka, wakaanza kutoka kwenye uwanda wazi mchana. Kule walipata majani bora na wakanenepa. Watafiti wakafanya jaribio lililochapishwa 2019: walipiga sauti za chui kwa spika na kumwaga harufu za wawindaji uwandani. Pongo wakarudi vichakani. Miaka mingi bila chui, na bado somo halikuwa limefutika.

Ukibadili mahali swala anapokula, umebadili pia mimea inayoliwa na inayobaki. Ndiyo maana hapa kwetu Virunga simba wachache wa upande wa Rwindi na Ishasha wana thamani kuliko idadi yao. Virunga ilianzishwa 1925, ya kwanza Afrika kuitwa hifadhi ya taifa, na imepoteza mengi. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 500 walivuka kutoka Uganda wakaingia upande wetu. Walianza kuvunja vichaka vilivyokuwa vimeziba uwanda, na nyasi zikarudi. Nyasi zikirudi, wala nyasi wanafuata, na anayewala yuko nyuma yao.

Binadamu naye ni mwindaji kama wengine?

Hapana, na hapa nitasema wazi ninachoamini. Simba akimaliza swala, naye anapungua, kwa hiyo swala wanapata nafuu. Mtu hapungui. Tunakula unga, maharage na samaki wa kopo, na bado tunaweza kumfuata mnyama wa mwisho. Viboko wa Virunga walikuwa karibu 29,000 katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Hakuna mwindaji wa porini anayeweza kufanya hivyo na akaendelea kuwa na nguvu zile zile.

Wanyama wanalijua. Katika eneo la Kruger, Afrika Kusini, spika zilifichwa kwenye visima vya maji. Wanyama waliposikia watu wakizungumza kwa sauti ya kawaida tu, walikimbia zaidi kuliko waliposikia simba akinguruma. Utafiti huo ulitoka 2023. Tembo wa Amboseli wamekwenda mbali zaidi: mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba wanatofautisha sauti za Wamaasai na za Wakamba. Walijikusanya na kurudi nyuma zaidi kwa sauti ya mwanamume Mmaasai, ambaye jamii yake huwa na ugomvi nao juu ya maji na malisho, kuliko ya Mkamba, na hawakuogopa hivyo sauti za wanawake na watoto. Wanajua lugha za majirani zao.

Hata mwili umebadilika. Gorongosa wakati wa vita tembo waliwindwa kwa pembe zao, na majike wanaozaliwa bila pembe walinusurika zaidi. Kabla ya vita walikuwa kama 18 katika kila majike 100; miongoni mwa walionusurika walikuwa karibu nusu.

Na karibu kabisa nasi, nyuma ya Karisimbi upande wa Rwanda, mwaka 2012 kundi la gorila wa milimani lilimpoteza mtoto kwa kidonda cha kamba ya mtego. Mitego ile haiwalengi wao, ni ya swala: tawi limekunjwa, kamba imefungwa kitanzi. Siku chache baadaye mfuatiliaji alitaka kuutegua mtego mwingine, dume kubwa likamguna akae mbali. Halafu gorila wawili wadogo, wa kama miaka minne, wakakimbilia mtego. Mmoja akalirukia tawi na kulivunja, mwingine akafungua kitanzi. Wakaenda kwenye mtego wa pili wakafanya vile vile. Kila ninaposimulia hili naona wanafunzi wanakaa wima.

Siafu je? Mbona wakiingia nyumbani mende wote wanatoka?

Mende, buibui, hata panya, wote wanajua kwamba mbele ya siafu hakuna kujificha, maana siafu wanaingia kila ufa. Dawa ni kukimbia. Na kukimbia kule kuna anayekusubiri: msituni wapo ndege wanaofuata misafara ya siafu ili wawadake wadudu wanaotimuliwa. Siafu wakiingia kwako, toa watoto na kuku waliofungiwa, kisha waache wapite. Hawakai.

Nataka mwanangu aone mambo haya bila kwenda mbugani. Aanzie wapi?

Kwenye taa ya nje ya nyumba yenu, usiku usio na mvua. Nondo wanaizunguka, na popo wanapita. Popo huwinda kwa kupiga sauti kali ambayo sisi hatuisikii na kusikiliza mwangwi wake. Nondo wengi nao wameota masikio ya kuisikia sauti hiyo, na wakiisikia kwa nguvu wanafunga mabawa na kujiangusha.

Mpe mtoto funguo nyingi kwenye pete moja. Funguo zikigongana zinatoa, ndani ya kelele tunayoisikia, na sauti nyembamba zinazofanana na za popo. Asimame hatua mbili kutoka kwenye taa, asubiri mpaka nondo wamezoea, kisha azitikise kwa nguvu mara moja. Si wote watakaoitikia; wengine hawana masikio, na mwanga mkali huwavuruga wengine. Lakini mmoja au wawili wataanguka kama mtu aliyekatiwa kamba, watalala juu ya mawe meusi miguu imekunjwa, na baada ya muda mfupi watatambaa, watatetemesha mabawa, watarudi kwenye taa. Atataka kutikisa tena hapo hapo. Mwambie asubiri kidogo, ahesabu wangapi wanaanguka mara ya pili.